Urari wa Jicho

Msomaji, neno urari si geni kwako. Umelisikia katika somo la ushairi, ulipofundishwa kwamba shairi la kimapokeo halina budi kuwa na urari wa vina na mizani. Ulihesabu silabi kwa vidole, nane katika ukwapi na nane katika utao, ukaona ya kuwa kipande kimoja kikizidi au kikipungua, mshororo huchechemea kama mtu mwenye mguu mmoja mfupi. Sikio lako ndilo lililokuwa hakimu. Hukuhitaji mtu akueleze kwamba mshororo umevunjika, ulisikia mwenyewe. Leo nataka kukuonyesha kwamba jicho nalo lina mizani yake, na kwamba picha, nakshi, chungu, nguo na hata ukurasa wa kitabu hupimwa katika mizani hiyo kila vitazamwapo, mtazamaji ajue au asijue.

Urari katika sanaa ya kutazamwa ni hali ya vitu vilivyomo katika kazi moja kupatana uzito, hata jicho likapita kote lisione upande unaoanguka. Nasema uzito, lakini sina maana ya ratili wala kilo. Karatasi iliyochorwa ndovu haiwi nzito kuliko karatasi iliyochorwa sisimizi. Uzito ninaousema ni nguvu ya kitu kuvuta jicho. Kitu kivutacho sana ni kizito, na kivutacho kidogo ni chepesi. Kazi yenye urari ni ile ambayo mivuto yake yote imesikilizana. Wenye vyombo husema kwamba mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Jicho nalo ni baharia wa namna hiyo: huenda pembe hii na pembe ile ya picha, lakini picha ikiwa njema, hupata mahali pa kurejea.

Ili jambo hili likae vizuri moyoni mwako, mfikiri mchukuzi wa maji wa zamani katika miji ya pwani. Alibeba mzegazega, yaani mti uliolala begani, debe moja likining'inia mbele na moja nyuma. Madebe yote mawili yakijaa sawasawa, bega lilikaa katikati ya mti, naye akaenda zake bila taabu. Je, debe moja likiwa limejaa na jingine lina nusu? Mjinga humwaga maji ya debe lililojaa ili yalingane. Mchukuzi hodari hamwagi hata tone. Husogeza bega lake kuelekea upande mzito, mti ukatulia, akafika nyumbani na maji yote. Shika mfano huu, msomaji, kwa kuwa yote nitakayosema baadaye yamo ndani yake. Kuna urari unaopatikana kwa kufananisha pande mbili, na kuna urari unaopatikana kwa kusogeza bega.

Tuanze na ule wa kwanza, kwa kuwa ndio ulio wazi zaidi, nao huitwa ulinganifu. Ukifika Lamu, mji ambao mtaa wake wa kale uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, simama mbele ya mmoja wa milango yake ya nakshi. Utaona mbao mbili zinazofunguka, miimo miwili, kizingiti cha juu kilichochorwa maua na majani, na katikati mfaa, yaani ule mti uliosimama wima unaofunika mwanya wa mbao mbili zikutanapo. Chora kwa akili yako mstari unaopita juu ya mfaa huo kutoka juu hadi chini. Kilicho upande wa kuume kina mwenzake upande wa kushoto. Jicho halina la kuuliza. Hupanda kwa mwimo huu, likapita juu ya kizingiti, likashuka kwa mwimo ule, likarudi katika mfaa na kutulia.

Kwa nini fundi alipenda njia hii? Mlango ni mpaka wa heshima. Nje ni njia ya watu wote. Ndani ni siri za nyumba. Kitu kilindacho siri hutakiwa kionekane kimesimama imara, hakiyumbi, hakiegemei upande. Ulinganifu una sauti ya utulivu na ya amri. Walakini usogee karibu zaidi. Utaona kwamba ua la kuume si sawa kabisa na ua la kushoto, maana patasi iliongozwa na mkono, na mkono si kipande cha mashine. Tena utaona kwamba mfaa, ujapokuwa katikati ya mlango mzima, umepigiliwa juu ya ubao mmoja tu. Ubao huo hufunguka nao, na mwenzake hubaki mtupu. Mlango uliofungwa unalingana. Mlango uliofunguliwa haulingani. Basi hata katika nyumba ya ulinganifu wenyewe tofauti imepata mahali pa kukaa, wala haikuleta aibu.

Mfano wa pili unapepea juu ya mlingoti wa shule yako. Bendera ya Kenya, iliyopandishwa tarehe 12 Desemba 1963, ina mapana matatu yaliyo sawa: jeusi juu, jekundu katikati, na la kijani chini, na kati yao mistari miwili myembamba myeupe. Ukiikunja katikati, kushoto kwake kutaangukia kuume kwake. Lakini juu yake na chini yake hazilingani kwa rangi, kwa kuwa weusi ni mzito kuliko kijani. Kwa kanuni ya wachoraji wengi, kizito huwekwa chini, kama nanga. Hapa kizito kiko juu, na bendera haipinduki. Sababu yake ni ngao. Ngao imesimama kati, ikagusa mapana yote matatu, na mikuki miwili iliyopishana nyuma yake imetoka katika kijani ikapanda hadi katika weusi. Ngao na mikuki hiyo ni kama pini iliyoyashona mapana pamoja. Ondoa ngao kwa akili yako, uone jinsi weusi unavyoanza kuelemea. Mtu aweza kusalimu bendera miaka mingi asilione jambo hili, lakini jicho lake limeliona kila siku.

Iko namna nyingine ya ulinganifu, nayo ni ya duara. Tazama kawa la kufunikia chakula, lililosukwa kwa ukindu wenye rangi. Msusi alianza na kitovu kidogo, akazungusha, akazungusha tena, na kila rangi iliyoingia upande mmoja ikaingia pia katika pande nyingine za mzunguko. Hapa hapana kuume wala kushoto. Pana ndani na nje. Jicho huvutwa katika kitovu, likatoka, likarudi. Kitako cha kiondo ni vivyo hivyo. Wasusi wa kazi hizi hawakungoja mtu wa chuo aje awaeleze urari. Walihesabu nyuzi kwa vidole kama wewe ulivyohesabu silabi.

Nimekwisha kusifu ulinganifu, na sifa zake ni za haki. Lakini sasa sina budi kukusimulia kosa nililolitenda kwa sababu niliujua ulinganifu peke yake, nikadhani ndio urari wote.

Miaka ya kwanza ya kazi yangu, kabla sijaja kufundisha katika chuo cha ualimu, nilikuwa mwalimu wa watoto wa shule ya msingi. Siku moja niliwaambia wachore nyumbani kwao. Msichana mmoja, mkimya, mwenye mkono mwepesi, alichora mwembe mkubwa uliojaza upande wa kushoto, shina lake likikaribia katikati ya karatasi, majani yake yamefinyangwa kwa kijani kizito hata karatasi ikang'aa. Upande wa kuume hakuchora kitu, isipokuwa njia nyembamba, na mwisho wa njia hiyo, karibu kabisa na ukingo, mtoto mdogo wa kike mwenye kanzu nyekundu aliyegeuza mgongo. Alikuwa mdogo kiasi cha punje ya mahindi. Kati ya mwembe na mtoto palikuwa na uwazi mtupu.

Nilichukua kalamu nyekundu nikaandika: upande mmoja umejaa, upande mmoja mtupu, hakuna urari, rekebisha. Nikamwonyesha jinsi ya kukunja karatasi katikati na kujaza pande zote mbili. Alikuwa mtoto mtiifu. Kesho yake aliniletea picha yenye miembe miwili, mmoja huku na mmoja huku, na nyumba katikati. Mtoto mwenye kanzu nyekundu alikuwa amekwisha kufa chini ya mwembe wa pili. Nilimpa maksi nyingi. Tangu siku hiyo kila picha yake ilikuwa miti miwili na nyumba katikati. Mwaka ulipokwisha, nilipokuwa nikiwarudishia watoto madaftari yao, nilimwuliza kwa mzaha yule mtoto wa njiani alikuwa nani. Akasema, "Ni dada yangu, mwalimu. Alikuwa akienda shule ya bweni."

Msomaji, fikiri nilichokifanya. Picha ile haikuwa ya mwembe wala ya njia. Ilikuwa picha ya kuagana. Uwazi ule nilioukemea ndio uliokuwa habari yenyewe, maana ndio uliokuwa umbali kati ya aliyebaki na aliyekwenda. Mimi nilimwamuru aujaze. Nilikuwa kama yule mjinga wa mzegazega: niliona debe moja limejaa na jingine lina nusu, nikamwaga maji.

Tena picha ile ilikuwa na urari mwema, ila mimi sikuwa na jicho la kuuona. Ili wewe uwe nalo, yakupasa ujue ni vitu gani viongezavyo uzito katika macho. Cha kwanza ni ukubwa, na hicho hakina mjadala. Cha pili ni giza: doa jeusi juu ya karatasi nyeupe huvuta kuliko doa la kijivu lenye ukubwa ule ule. Cha tatu ni rangi. Nyekundu ni nzito kuliko buluu. Mchungaji wa Kimaasai aliyevaa shuka nyekundu katika mbuga ya majani huonekana kabla ya kundi lake zima, ingawa ng'ombe mmoja tu anampita kwa ukubwa. Cha nne ni wingi wa nakshi. Katika nyumba za kale za Lamu, kidaka kimoja kilichochongwa katika chokaa hulishika jicho kuliko ukuta mpana mweupe uliokizunguka. Cha tano ni sura ya binadamu, au umbo lake, na pia maandishi. Jicho la mtu humtafuta mtu mwenzake, na aliyejua kusoma hawezi kuona neno asilisome. Cha sita ni upweke: kitu kilicho peke yake mahali patupu kina nguvu kuliko kilichosongamana na wenzake. Cha saba ni umbali kutoka katikati.

Hiki cha saba chataka mfano. Mabaharia wa Lamu wanaposhindana kwa mashua, upepo huujaza tanga na chombo hulala upande. Ndipo hutoa ubao nje ya chombo, upande ule utokako upepo, na watu wachache hukaa kwenye ncha yake, juu ya maji kabisa. Watu wale si wazito kama tanga lililojaa upepo. Lakini wako mbali na katikati, na umbali huo umewaongezea nguvu, hata chombo kikainuka na kwenda mbio. Katika picha nako ni hivyo. Kitu kidogo kilicho karibu na ukingo chaweza kukabili kitu kikubwa kilicho karibu na kati.

Sasa rudi katika picha ya yule msichana. Mwembe ulikuwa mkubwa na wa giza, lakini ulikuwa karibu na katikati, nao ulikuwa kijani, rangi tulivu. Mtoto alikuwa mdogo kama punje, lakini alikuwa mwekundu, alikuwa binadamu, alikuwa peke yake, tena alikuwa kwenye ukingo. Sifa nne zilimkalia juu ya ncha ya ubao. Mkono wa msichana wa miaka kumi na mmoja uliweza kupima hayo yote, na mwalimu wake mwenye cheti hakuweza.

Huenda ukasema kwamba namtukuza mtoto kwa sababu ya majuto yangu. Basi tuache picha ya mtoto, twende katika picha ya bwana mkubwa wa kazi hii, nayo pia ni ya bahari. Katsushika Hokusai wa Japani alizaliwa mwaka 1760. Alipokuwa amevuka umri wa miaka 70, yapata mwaka 1831, ilitoka picha yake iitwayo Wimbi Kubwa la Kanagawa, moja katika mfululizo wa picha za mlima Fuji. Haikupakwa kitambaani, mchoro wake ulichongwa katika mbao, mbao zikapakwa rangi na kupigwa chapa juu ya karatasi, nakala nyingi. Karatasi yenyewe si kubwa, yapata sentimita 26 kwa 38. Mchongaji wa milango ya Lamu na mchongaji wa mbao zile wangeshikana mikono wakaelewana.

Katika picha hiyo wimbi limeinuka upande wa kushoto karibu kufika juu, povu lake limejikunja kama kucha. Chini yake mna mashua tatu, na wapiga makasia wameinama. Mbali, kupita katikati kidogo kuelekea kuume, umo mlima Fuji. Mlima huo una urefu wa mita 3,776, lakini hapa umekuwa mdogo, waweza kuufunika kwa kidole gumba. Kwa sheria ya kukunja karatasi, picha hii imeharibika: upande mmoja wote ni maji, na upande wa juu wa kuume ni mbingu tupu. Kwa nini basi haianguki?

Haianguki kwa sababu mlima ule mdogo umewekwa mahali pa nguvu, ndani ya bonde la wimbi, ambapo mkunjo wote wa maji unaelekeza. Kila kitu katika picha kinakwenda. Mlima peke yake umekaa. Kila kitu kimepinda. Mlima peke yake una pande mbili zilizonyooka. Utulivu wake ndio uzito wake. Isitoshe, mbingu tupu ya kuume nayo inafanya kazi, maana ndiyo nafasi ambayo wimbi litaiangukia. Uwazi ule si upungufu, ni tishio. Tufanye sasa alivyofanya mwalimu yule wa kalamu nyekundu: tuchore wimbi la pili upande wa kuume, sawa na la kwanza. Mashua zitakuwa kati ya kuta mbili, mlima utakuwa pambo, na khofu itakwisha, kwa sababu mawimbi mawili yanayotazamana hayaanguki. Husimama kama miimo ya mlango. Picha itakuwa imepata ulinganifu na kupoteza bahari.

Nisije nikakufanya udhani kwamba urari huu wa tofauti ni mali ya ng'ambo. Fundi mfinyanzi Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, hufinyanga vyombo vyake kwa mikono, bila gurudumu, akiuinua udongo kidogo kidogo na kuung'arisha, kisha huuchoma ukawa wa rangi ya machungwa, au mweusi anapounyima moto hewa. Gurudumu humpa mfinyanzi ulinganifu wa bure. Mikono haimpi cha bure. Katika baadhi ya vyombo vyake tumbo ni pana na la mviringo, halafu shingo imeinama upande mmoja kama ya mtu anayesikiliza. Ungetazamia chombo kipinduke. Kimesimama, na katika kusimama kwake mna uhai ambao mtungi ulionyooka haunao. Wachongaji wa Kimakonde nao, watu ambao mwaka 2017 walitambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya, huchonga mashetani yenye jicho moja kubwa na jingine dogo, mkono uliozunguka shingo, mguu uliotokea mgongoni. Hakuna upande unaofanana na mwingine. Lakini weka kinyago hicho mezani, nacho husimama. Kinyago kisichosimama ni kuni.

Ziko pia kazi zilizochanganya njia zote mbili, na iliyo karibu nawe kuliko zote ni kanga. Pindo limezunguka pande nne kwa ulinganifu. Mji mara nyingi una ua au tunda katikati yake. Lakini jina, yaani yale maneno, halikuwekwa katikati. Liko chini, karibu na pindo la upande mrefu. Maneno ni mazito kwa macho, kama nilivyokwisha kukuambia, na kwa kuwa yamewekwa chini, nguo yote hupata kitako cha kukalia. Lipandishe jina juu ya ua, utaona kanga imebebeshwa mzigo kichwani.

Sasa utaniuliza, kati ya njia hizi, ipi ni bora? Swali hilo halina jibu mpaka ujue unataka kusema nini. Panapotakiwa heshima, amri, kiapo au utulivu, ulinganifu ni mtumishi mwaminifu. Ndiyo sababu huuona katika bendera, katika mihuri na katika milango ya majumba. Panapotakiwa mwendo, upepo, khofu, furaha ya kucheza, au kuagana, tofauti ndiyo yenye ulimi. Ukiombwa kuchora tangazo la mashindano ya riadha ya shule, ukimweka mkimbiaji katikati kabisa, umemfunga miguu. Mweke upande wa kushoto, umwachie uwazi mbele yake ili apate pa kukimbilia, na maandishi yako uyaweke upande wa kuume, chini, yawe nanga. Lakini tangazo la tanzia la mzee wa kijiji laweza kusimama katikati kwa mistari inayolingana, nalo likapendeza kwa unyenyekevu wake.

Wala usichukue maneno yangu kuwa ruhusa ya kutupa vitu ovyo. Nimewaona wanachuo ambao, baada ya kusikia habari ya mtoto wa kanzu nyekundu, walisukuma kila kitu pembeni na kuita jambo hilo sanaa. Si kila kilichopinda kina urari. Mchukuzi wa mzegazega husogeza bega kwa kipimo. Akilisogeza kupita kiasi, madebe yote mawili huanguka. Urari wa tofauti ni mgumu kuliko ulinganifu, kwa sababu hauna mstari wa kukunjia karatasi. Kila picha hutaka mizani yake mpya.

Kwa sababu hiyo nitakupa vipimo vinne, ambavyo wachoraji wengi huvitumia, nawe waweza kuvijaribu leo bila gharama. Kwanza, fumba macho nusu. Mambo madogo yatafifia, na mazito peke yake yatabaki. Tazama kama yamesikilizana. Pili, ipindue picha juu chini. Usipotambua tena kwamba hii ni nyumba na hii ni mbuzi, utauona uzito mtupu bila majina yake. Tatu, itazame katika kioo, maana macho yako yamezoea kuume na kushoto kwa picha yako, na kioo huvunja mazoea. Nne, funika sehemu moja kwa kidole gumba. Ukiifunika na picha isibadilike, sehemu hiyo ilikuwa haina kazi. Ukiifunika na picha ikaanguka upande, umeipata nguzo. Laiti ningalimfunika mtoto yule wa njiani kwa kidole changu kabla ya kushika kalamu! Ningaliona mwembe ukianguka.

Hiki cha mwisho nakisema hasa kwako wewe unayetumaini kuwa mwalimu, au mzazi, au mhakiki wa kazi za watu. Kuhakiki si kupeleka kazi ya mtu kwenye kanuni moja uliyoikariri na kuikata pale inapozidi. Kuhakiki ni kuuliza kwanza, huyu alitaka kusema nini, kisha kutazama kama vitu vyake vyote vimebeba sehemu ya maneno hayo. Nilipaswa kumwuliza yule msichana swali langu siku ya kwanza. Nililiuliza mwisho wa mwaka, tena kwa mzaha. Swali lililochelewa haliponyi picha.

Siku hizi ninaposahihisha michoro ya wanachuo wangu, situmii wino mwekundu juu ya karatasi zao. Nimekwambia kwamba wekundu ni mzito. Neno moja jekundu pembeni mwa picha ya mtoto huvuta jicho lake kuliko yote aliyoyachora. Huandika kwa penseli, nyuma ya karatasi, na mara nyingi ninachoandika ni swali.

Toka nje sasa, msomaji, ukatazame mlango wa nyumba yenu, kanga ya mama yako, bendera ya shule yako, na mti ulio peke yake uwanjani. Upime uzito wa kila kimoja. Na ukikuta mahali patupu katika kazi ya mtu, usiwe na haraka ya kupajaza. Uliza kwanza pana nani anayekwenda.